Nilikaimu miezi minane, kiti kapewa niliyemfundisha kazi

Shangazi shikamoo. Naomba usitaje jina langu wala kampuni maana huku Kurasini tunajuana wote, mtu akikohoa ofisi hii, ofisi ya pili wanampa pole.

Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, nafanya kazi kwenye kampuni ya kugomboa mizigo bandarini, hizi za kliaringi. Niliingia 2016 kama mpokea simu, kazi yangu ilikuwa kupokea simu na kuwapa wageni chai basi. Ila nilikuwa najisogeza kwa wale wanaoandaa kadhia, yale matamko ya mzigo yanayopelekwa forodha, naangalia wanavyofanya, wakienda kula nabaki kwenye kompyuta zao, mpaka siku moja mmoja aliumwa nikaambiwa hebu jaribu wewe, nikaitoa kadhia ikapita bila swali. Toka hapo nikawa dikleranti. Baadae nikajilipia mwenyewe kile cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, kwa mshahara wangu na hela za vikoba, kampuni haikunipa hata nauli. Pale ofisini wenye hicho cheti tuko wawili tu.

Mwaka jana meneja wetu wa operesheni aliacha kazi. Bosi akanitumia meseji WhatsApp, ninayo mpaka leo, "shika operesheni kwa muda tukitafuta mtu". Barua sikupewa, posho sikupewa, nikashika. Miezi minane Shangazi! Miezi minane mimi ndo napanga magari, mimi ndo nagombana na watu wa meli wasituhesabie demareji, zile tozo za kuchelewesha kontena, mimi ndo napigiwa simu saa nane usiku lori la Lubumbashi limezuiwa getini karatasi haziendani. Mama angu mzazi nakaa nae Mbagala yeye ndo anashika watoto, mume wangu ni mtumishi yuko Dodoma anakuja mwisho wa wiki. Hivyo nikipigiwa simu usiku naita bajaji naenda. Kuna siku nimelala kwenye bandari kavu ndani ya gari la kampuni mpaka asubuhi kusubiri kontena sita zipakiwe, nikaenda kuoga nikarudi kazini saa tatu. Hakuna mzigo uliolala kwa uzembe wangu hata mmoja na bosi mwenyewe alikuwa anasema mbele za watu "huyu binti ni jembe".

Sasa wiki tano zilizopita kikao cha Jumatatu bosi akatangaza meneja mpya wa operesheni. Kamtaja mkaka mmoja ambae kaingia 2022 na ambae kazi yote anayoijua nimemfundisha mimi, na cheti hana. Halafu bosi akasema tumpigie makofi. Nikapiga Shangazi. Nilipiga makofi huku nimeangalia ile picha ya Mama Samia ukutani juu ya kiti chake, nikawaza kweli nchi anaongoza mwanamke ila kontena hapana.

Kinachoniuma zaidi huyo mkaka nilimchagua mimi mwenyewe kwenye intavyuu, bosi aliniweka kwenye jopo, kulikuwa na dada mwingine nae alikuwa mzuri tu ila alikuwa kaolewa juzi juzi nikaona huyu mwaka hauishi atatuletea likizo ya uzazi, nikasema tumchukue kijana. Ndo malipo yake haya. Kanisaliti kabisa, hakuniambia hata neno kwamba ameitwa.

Nilijikaza nikaenda kwa bosi. Hakunifokea kabisa, bora angenifokea. Aliniita mwanangu, akaagiza na soda. Akasema "mwanangu ile kazi ni ya kukimbizana usiku, una watoto wadogo, mwenzio yuko mbali, likikutokea la kutokea nitamwambia nini mumeo, sisi tunakuhurumia tu, na isitoshe sheria yenyewe hairuhusu mama mwenye watoto wadogo kufanyishwa kazi usiku". Halafu akatoa kwenye faili barua niliyoandika mimi 2021 nilipotoka kujifungua mtoto wa pili, niliomba nisipangiwe usiku mpaka mtoto akue. Akasema "si unaona, wewe mwenyewe uliomba". Nikakosa la kusema. Alivyomaliza akaniambia nisisahau wamenitoa mbali.

Nimekuja kusikia mwenzangu analipwa milioni mbili na laki mbili, na kapewa gari. Mimi nilipokaimu nilikuwa kwenye laki tisa na nusu yangu ile ile.

Na sasa kila usiku ananitumia meseji, dada hii nafanyaje, dada hili nalipeleka wapi. Namjibu, maana mzigo ni wa mteja. Ila wiki iliyopita nimeona kadhia kaweka namba ya HS, ile inayotambulisha aina ya bidhaa, ambayo siyo, ushuru unatoka mdogo kuliko inavyotakiwa, nikanyamaza. Ndo nakuandikia sasa maana sijawahi kuwa mtu wa hivyo.

Kuna mama mmoja kaanzisha kampuni yake kama hii yetu, wapo watatu tu, ananiita niwe meneja kwa mshahara huu huu ninaopata, mkataba mwaka mmoja. Wateja wa Congo wote wananipigia mimi nadhani watanifuata. Rafiki yangu ananiambia niende CMA, ile tume ya migogoro ya kazi, nikashtaki. Mume wangu anasema labda ina kheri, mshahara si unatosha. Kwa afisa utumishi siwezi kwenda, ni shemeji yake bosi. Nikiongea sana naonekana nina wivu. Na kuna mdogo wetu ofisini ana mimba ya miezi mitano anavaa madera makubwa anaificha, ananiambia "dada kama wewe wamekufanyia hivi mimi watanifukuza". Sikuwa na jibu.

Nifanye nini Shangazi, niache, nishtaki, au nikae kimya nilee watoto?

Dada wa Kurasini

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, na pole. Ile ya kupiga makofi nimeisoma mara mbili. Mikono yako ilifanya adabu, moyo ulikuwa kwingine, na wanawake wengi watakaosoma hapa wameshawahi kupiga makofi ya namna hiyo.

Nilivyokuelewa ni hivi. Kazi uliifanya, kiti hukupewa, na sababu uliyopewa siyo kwamba kazi huiwezi bali kwamba unahurumiwa. Hapo ndo pagumu maana mtu akikutukana unajua pa kushika, mtu akikuhurumia na soda juu unashindwa hata kukasirika vizuri. Mimi kabla sijaanza kuandika majibu haya nilikuwa afisa utumishi kiwandani miaka mingi tu, na hiyo sentensi ya "tunamhurumia" nimeiandika mwenyewe kwenye mihtasari ya vikao sijui mara ngapi, ya mwanamke wa maabara, ya fundi umeme, ya dereva wa foklifti. Sikumbuki hata kikao kimoja ambacho mtu alisema tumuite mwenyewe tumuulize. Mimi pia sikusema. Kwa hiyo naongea nawe kama mtu aliyewahi kukaa upande ule wa meza.

Bosi wako alijua una watoto. Je, alijua kwamba mama yako anakaa na wewe Mbagala? Kama alijua basi huruma ile ni kisingizio, na kama hakujua ni kwa sababu hakuuliza, na kutokuuliza ndo kosa lenyewe. Tena miezi minane hiyo hiyo ya usiku hakukuhurumia, alikuhurumia siku mshahara wa usiku huo ulipotakiwa kuandikwa kwenye karatasi. Huyo kijana sijui kama ana watoto, hukuniambia, na nadhani hata bosi hajafikiria kuulizia. Sheria yetu inampa baba siku tatu za likizo mtoto akizaliwa, siku tatu, ukitoa ya kwenda hospitali na ya kununua vyombo imebaki moja, ndo maana mwajiri akimtazama mwanaume haoni mtoto nyuma yake.

Sasa hilo la sheria hairuhusu, hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kifungu cha 20 ndo kinaongelea kazi za usiku, na usiku wenyewe ni kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa upande wa kina mama, kinachokatazwa ni kumpangia usiku mama mjamzito miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, na aliyejifungua miezi miwili baada, na inaweza kuongezeka kama daktari ameandika cheti. Basi. Mtoto wako wa 2021 nadhani sasa anajua kuhesabu mpaka mia. Ile barua yako iliomba "mpaka mtoto akue", na wewe mwenyewe ulishaifuta kwa miguu yako kila ulipopanda bajaji kwenda bandarini. Na hicho kifungu kinasema kingine ambacho bosi hakukitaja: anayefanya kazi usiku alipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Hebu angalia hati zako za mshahara za ile miezi kama ipo.

Kifungu cha 7 cha sheria hiyo hiyo kinakataza mwajiri kubagua kwa jinsia, kwa mimba, kwa ndoa na kwa majukumu ya familia, na hayo yanahusu mpaka kupandishwa cheo, siyo kuajiriwa peke yake. Kinataka pia mwanamke na mwanaume walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Na mfanyakazi akishaonyesha dalili za awali kwamba kuna ubaguzi, mwajiri ndo anatakiwa kuthibitisha kwamba haukuwepo. Kwa hiyo maneno ya bosi siku ile ya soda siyo madogo. Ila mlikuwa wawili tu chumbani, na akiulizwa anaweza kusema alimpa kijana kwa sababu nyingine kabisa. Ndo maana kabla hujaamua lolote, leo usiku watoto wakilala, kaa uandike. Tarehe ulizoenda usiku unazozikumbuka, namba za kontena, imeili ulizosaini kama kaimu, na yale maneno yake kama alivyosema na siku aliyosema. Ile meseji ya "shika operesheni" iweke mahali pengine nje ya simu maana simu zinaibiwa. Nyaraka za wateja usizibebe kwenda nazo nyumbani, hiyo itakuja kukugeuka.

Umeniambia tangazo lilitoka wiki tano zilizopita. Hii naisema mapema isije ikakupita: malalamiko ya aina hii yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Ukizidisha inabidi uombe kwanza usamehewe kuchelewa na ueleze kwa nini. Kwa hiyo una wiki tatu na kitu za kufikiri, siyo miezi. Sisemi uende, nasema usiache kwenda kwa sababu ya kusahau kalenda.

Ukienda kukoje? Unajaza fomu, mnaitwa wote wawili mbele ya msuluhishi, na wengi wanamalizana pale pale kwa kuongea. Isipowezekana inaendelea mbele kwenye uamuzi au Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi na hapo ndo safari inakuwa ndefu na wakili anahitajika, ingawa kuna WLAC na TAWLA wanasaidia wanawake kisheria, na kama ofisi yenu ina tawi la TUICO, kile chama cha wafanyakazi, waone kabla hata ya wakili. Ubaya wake unaujua kuliko mimi. Umesema mwenyewe mtu akikohoa anasikika. Unaweza kushinda ukalipwa na bado ukawa yule dada aliyempeleka bosi wake CMA, na wamiliki wa kampuni hizi wanakunywa kahawa pamoja. Wengine watakuheshimu kwa hilo, wengine watakuogopa, na sijui bandarini kwenu wengi ni wapi.

Kuna njia ambayo haijajaribiwa bado. Ulienda kwa bosi ukiwa umejikaza, ukapewa soda, ukaonyeshwa barua yako mwenyewe, ukatoka. Hayo siyo mazungumzo mwanangu, hayo ni kuvamiwa. Unaweza kurudi kwa maandishi, barua fupi isiyo na machozi, ukaandika kwamba ile barua ya 2021 umeiondoa, kwamba kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani ulishika operesheni, na unaomba kujua vigezo vilivyotumika, na unaomba malipo ya kipindi cha kukaimu yaangaliwe. Posho ya kukaimu inategemea mkataba wenu na kanuni za kampuni, kwa hiyo soma mkataba wako kwanza, na najua hujui umeuweka wapi, utafute. Barua ina faida kwamba haiwezi kujibiwa kwa soda. Hasara yake ni kwamba ukishaiandika hamtarudi kuwa baba na mwanawe, na inawezekana akakupa cheo cha kukufuta machozi, mkuu wa nyaraka sijui mkuu wa nini, chenye jina refu na mshahara ule ule. Fikiria kabla utasema nini akikupa hicho.

Nikuulize kitu na usinikasirikie. Katika hiyo miezi minane uliwahi kumwambia bosi kwa mdomo wako kwamba kiti unakitaka? Sijaona kwenye barua yako. Nimeona ulifanya kazi ukasubiri aone. Sisi tumelelewa hivyo, binti mzuri haombi, anaonekana, na kijana hafundishwi hivyo, kijana anaenda anasema mzee nipe mimi. Inawezekana mwenzio aliomba, na inawezekana hakuomba akaitwa tu akashangaa. Hii haimtoi bosi hatiani hata kidogo, mtu anayelala bandari kavu ndani ya gari ameshaomba vya kutosha. Ila kwa safari inayokuja ni vizuri ujue kama mdomo wako ulishawahi kulisema.

Na huyo kijana unasema kakusaliti. Pengine. Pia pengine ana aibu, mtu mwenye raha na cheo chake haandiki dada nafanyaje saa tano za usiku. Bado hujaongea nae kama mtu na mtu. Hizo meseji unaweza kuziwekea mpaka bila kugombana, kwamba jibu langu utalipata saa mbili asubuhi na uniandikie kwa imeili. Hapo huduma yako inakuwa na kumbukumbu. Bosi anaweza kusema hutoi ushirikiano, ndo maana imeili ni nzuri, inaonyesha ulijibu.

Ila ile kadhia mwanangu, ile isahihishwe kesho asubuhi. Mpigie umwambie namba siyo hii. TRA wakiishika, faini na usumbufu vinaangukia mteja na leseni ya kampuni, mzigo unasimama, storeji inahesabu, na kwenye vikao watakaotafutwa ni wote waliougusa. Na ikija kujulikana uliona ukanyamaza, kila unachodai kuhusu uhodari wako kitakuwa na doa. Umeniambia hujawahi kuwa mtu wa hivyo, na nimekuamini kwa sababu umeitaja bila mimi kukuuliza.

Kuna dada mwingine pia umemtaja bila kuulizwa, yule wa kwenye intavyuu aliyekuwa kaolewa juzi. Umempitisha mstari mmoja tu na haraka. Sikuandikii kukusuta, nimeshakuambia mimi nimeandika mihtasari mingapi. Nataka tu urudi usome ule mstari wako halafu usome maneno ya bosi wako siku ya soda. Yeye pia hakuulizwa. Labda alikuwa na mama yake Mbagala, labda hakuwa na mpango wa mtoto kwa miaka mitano. Wewe ulikuwa umekaa kwenye jopo ukijua mwenyewe ulirudi kutoka uzazi ukagomboa mizigo kuliko wote, na bado ukaona vile. Hivi vitu vinatuingia hata sisi, tena sisi vinatuingia kwa jina la uzoefu. Siku ukipewa kiti, hapa au kwingine, utakutana na dada kama yule tena kwenye meza ile ile.

Tuje kwa yule mama mwenye kampuni changa. Cheo kizuri, na kufanya kazi na mtu aliyejenga chake kuna mafunzo yake. Lakini mshahara ni huo huo, mkataba wa mwaka, watu watatu, na nadhani anachohitaji kuliko chochote ni cheti chako na simu zako za Lubumbashi. Hiyo ni nguvu yako, usiende nayo bure. Muulize mikataba ya wateja wake, NSSF analipa, mwaka ukiisha nini, na usimhesabie wateja wa Congo kama wako tayari. Mteja anakupigia wewe kwa sababu unapokea, lakini wengine wana mikopo na dhamana na kampuni ya bosi wako, huenda wasihame upesi. Na ukiacha kazi mwenyewe kile kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliomaliza hukipati, kile ni cha mtu aliyeachishwa na mwajiri. Notisi yako kama unalipwa kwa mwezi isipungue siku 28. Usiache kwa hasira Ijumaa ukajuta Jumatatu, na usikae kwa woga pia kwa sababu miaka tisa inakuuma kuiacha.

Kuna mtu atakuambia uombe bosi akupeleke kwenye mafunzo, kuna ile programu ya Mwanamke Kiongozi ya Chama cha Waajiri, ATE, waliyoianza wakishirikiana na waajiri wa Norway. Waliopita wanaisifu, na kumwomba bosi alipie ni kipimo kizuri cha maneno yake ya jembe. Ila kwako nasita. Wewe hukukosa cheti, ulikuwa nacho, aliyepewa ndo hana. Wakati mwingine tunapelekwa darasani kutibiwa ugonjwa ambao uko kwa mwalimu.

Mumeo amesema labda ina kheri. Umemsikia vibaya au kasema vibaya, sijui. Mwanaume aliye Dodoma wiki nzima anaweza kuwa anaogopa usiku wa bandarini kuliko bosi wako, na anaweza pia kuwa hajui kwamba pengo ni la milioni na zaidi kwa mwezi. Mpe takwimu. Akija mwisho wa wiki mketi, muulize anaogopa nini, na umwambie unataka nini, siyo bosi kafanya nini, wewe unataka nini. Mama yako nae awepo kama inafaa, maana mpango wako wote wa usiku umesimama juu ya mgongo wake na hata yeye nadhani hajaulizwa kama anaweza miaka mingine mitano.

Kuhusu kuonekana una wivu, watakaosema watasema. Walisema una bahati ulipotoka kwenye chai ukaingia kwenye kadhia, kama vile bahati ndo ilikuwa inabaki kwenye kompyuta za watu wakienda kula. Na hilo la kutolewa mbali, ulijitoa mwenyewe, hata nauli hawakukupa.

Sikuchagulii mwanangu. Unaweza kuandika barua ukabaki, unaweza kwenda CMA na kazi ukaendelea nayo, unaweza kuondoka kwa heshima na bei yako, unaweza pia kukaa kimya mwaka mmoja kwa makusudi huku unajipanga, na huko siyo kushindwa kama umeamua wewe. Ukiandika hiyo barua nitumie kabla hujampa bosi, nitaisoma, nina jicho la mihtasari.

Ila yule mdogo wenu wa madera hana wiki tatu za kufikiri. Likizo yake ni siku 84 za malipo, siku 100 wakizaliwa mapacha, na akirudi ana mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Lakini sheria inamtaka amjulishe mwajiri miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, akiambatanisha cheti cha daktari, na mtu wa miezi mitano amebakiza kama mwezi hivi. Kumfukuza kwa sababu ya mimba hawaruhusiwi, na barua aliyoipeleka mapema na nakala yake ikagongwa muhuri ndo itamsaidia wakijaribu. Ulisema hukuwa na jibu la kumpa. Kesho kabla ya chai mvute pembeni, na kabla hujamwambia lolote muulize kwanza anataka kufanyaje.